Sina Pingamizi

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeapa kabla ya kushika kalamu kwamba katika barua hii sitakuficha kitu, hata yale yanayonitia aibu. Kwa hiyo ukiona mwandiko umeyumba mahali, ujue hapo ndipo nilipotamani kudanganya.

Kwanza habari za nyumbani. Bibi yupo, ila goti lake la kushoto limegoma kutembea, na yeye amegoma kwenda kliniki, basi wamegoma wote wawili. Mtoto wa Dada ameota jino la pili na anauma watu bila kuchagua. Mama anaendelea na kazi zake, ila siku hizi akifua haimbi. Baba yupo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani ni moja na hukaa mfukoni mwa Baba. Ukijibu, tumia sanduku la posta la shule, nami nitaichukua kwa karani.

Sasa jambo lenyewe. Unajua Baba aliacha ukuu wa shule mwezi wa kumi na moja, wiki sita baada ya moto wa maabara. Tuliambiwa ameomba mwenyewe kupumzika. Walimfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani, mwenyekiti wa bodi akasema maneno mazuri, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini sasa shule nzima inasema alilipwa fungu kubwa ili aondoke. Wananiita Binti Bahasha. Jana msichana mmoja alinipisha mlangoni, akainama kabisa, akasema, "Pita mama, usije ukaikunja."

Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni mkutano wa wazazi. Nilikuwa zamu ya kugawa maji, kwa hiyo nilisikia yote. Mama yake Chiriku alisimama. Chiriku ni yule rafiki yangu wa dawati moja, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hanyamazi. Ndiye aliyeungua mkono wa kulia, kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko. Mama yake ni fundi cherehani, na alikuja mkutanoni na utepe wa kupimia ungali shingoni. Akauliza kwa upole, "Mkuu wa shule aliyeondoka alilipwa nini, na alilipwa kwa ajili ya nini?"

Mwenyekiti akajibu kwamba hayo ni mambo ya mwajiri na mwajiriwa.

"Kwani mwajiri si sisi?" akauliza fundi.

Watu wakacheka. Akakaa. Nilipompelekea maji aliyapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mwanangu, na hakunitazama usoni.

Mwalimu wetu wa uraia ametufundisha kwamba kumbukumbu za ofisi ya umma ni mali ya umma, na mtu yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Wewe ndiye unayetunza masjala ya idara ya elimu. Naomba uniambie kama mkataba wa kuondoka kwa Baba umo humo, na nitaupataje. Nataka nimpelekee fundi nakala, aone kwa macho yake kwamba Baba alipewa haki yake tu, na kwamba hakuna kilichofichwa juu ya mkono wa mtoto wake.

Nakungoja,
binti wa kaka yako.


Tarehe 27 Februari

Shangazi yangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imenikuta na mafua, tena yale ya kupiga chafya saba kwa mkupuo. Mwenzangu wa meza ya pili anazihesabu kwa sauti. Ofisini hakuna jipya. Mkubwa wetu, yule tunayemwita Bwana Kesho, ametunukiwa cheti cha utendaji bora. Sherehe ya kumkabidhi imeahirishwa.

Mwambie Mama yangu aende kliniki. Mwambie nimesema mimi, na kwamba nikija nikamkuta hajaenda nitambeba mgongoni mbele ya majirani.

Kuhusu ulichouliza, siwezi kukudanganya katika mambo ya sheria. Majalada ya wanaoondoka yapo kwetu, rafu ya chini kabisa, na mtu yeyote akijaza fomu anaruhusiwa kusoma. Mwalimu wako amekufundisha sawasawa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wahenga hawakutuambia anayeinama hukutana na nini huko chini. Isitoshe, fomu kwa sasa zimekwisha.

Wewe uko kidato cha tatu. Kazi yako ni vitabu. Maneno ya watoto yatakwisha wakipata mtu mwingine wa kumsema. Kaka yangu ni mtu mwema. Nimemjua miaka mingi kabla yako, tangu akinibeba kuvuka dimbwi ili nisichafue viatu vya shule. Tosheka na hilo.

Nimekuwekea soksi jozi mbili. Zioshe kwanza, rangi inatoka.

Shangazi yako.


Tarehe 11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ahsante kwa soksi. Rangi ilitoka kweli, sasa mashati ya Baba yote yana weusi kidogo, na Mama amesema msalimie sana, kwa sauti ile unayoijua. Bibi amesema mgongo wako mwenyewe umezeeka, umbebe nani.

Nilitosheka siku mbili. Siku ya tatu nikaenda ofisi ya elimu ya wilaya baada ya masomo. Fomu zilikuwa tele, Shangazi. Moja ilikunjwa mara nne ikawekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe. Karani alinipa bila kuniuliza neno. Nimeijaza na kuiposti. Hapo penye "Sababu ya maombi" nimeandika hivi: "Nataka kuthibitisha kwamba baba yangu hakupokea kitu chochote cha kuficha, kwa sababu namjua." Sijamwambia mtu nyumbani. Nataka siku nakala ikifika niiweke mbele ya Baba, asome, ajue kwamba kuna mtu aliyempigania.

Jumapili nilikwenda kumwona Chiriku. Bandeji zimetolewa. Vidole viwili havikunjuki. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinaanguka kila upande. Akaniambia, "Tazama, tayari naandika kama daktari. Bado kulipwa tu." Tukacheka. Kisha akaniuliza kama najua moto ulianzaje, kwa kuwa yeye anakumbuka kiberiti, halafu anakumbuka dari ya hospitali. Nikasema sijui. Ni kweli sijui. Lakini nilijisikia kama mtu anayedanganya.

Katika barua yako kuna swali hukulijibu. Jalada la Baba umeliona wewe mwenyewe?

Binti wa kaka yako.


Tarehe 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki ya nne sasa. Karani wa shule ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani kwake. Labda unaumwa, labda barua imepotea njiani. Bibi hajambo. Mtoto wa Dada ana meno manne. Kama nimekukosea, niambie nilipokosea.


Tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Sina salamu ndefu leo.

Fomu yako imefika mezani kwangu. Ni ya mia mbili na kumi na mbili. Niliiweka chini ya nyingine kwa siku tisa, nikitumaini utaandika kwamba umebadili nia. Kuipoteza siwezi, kila fomu hupewa namba mlangoni kabla haijanifikia.

Kuna jambo nilipaswa kukuambia mwezi wa pili, nikanyamaza. Kanuni inasema kila anayetajwa kwa jina katika jalada hupewa taarifa, na hiyo taarifa huambatana na nakala ya fomu yenyewe, apate kujua ni nani anayeomba na kwa sababu gani. Kisha ana siku kumi na nne za kusema kama ana pingamizi. Akipinga, jambo linakwenda kwa Bwana Kesho, nalo huko litalala.

Taarifa ya baba yako imepostiwa jana. Barua hii ikiitangulia, mwambie mwenyewe leo leo, kwa mdomo wako.

Shangazi yako.


Tarehe 29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako haikutangulia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa barazani akimpaka Bibi dawa ya goti, mimi napiga pasi sare dirishani. Tarishi akaleta bahasha ya kahawia yenye mhuri wa serikali. Baba akanawa mikono, akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza aliusoma upesi. Wa pili akakaa nao. Mtu huujua mwandiko wake hata kwa mbali, Shangazi. Niliiacha pasi juu ya kola ya shati mpaka ikanuka.

Bibi akauliza, "Wamekuandikia nini?"

"Mambo ya ofisi, Mama."

Kisha akaniita, akaniomba kalamu. Nikampa yangu. Chini ya karatasi kulikuwa na visanduku viwili, "Nina pingamizi" na "Sina pingamizi." Alishika kalamu kama anavyoshika akisahihisha madaftari, karibu sana na ncha. Akatia alama ya vema kwenye "Sina pingamizi," akasaini, akakunja.

"Mwandiko wako umenyooka," akasema bila kuinua uso. "Ila sentensi hii uliiandika upesi mno."

"Baba, nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia nini, na umekwisha andika? Chukua. Wahi posta, Jumamosi hufunga mapema."

Nikaipeleka mwenyewe. Njiani nilikuwa na furaha, naona haya kukwambia lakini niliapa. Nilijiambia kwamba asiyepinga ni asiye na cha kuficha.

Tangu siku hiyo Baba hasahihishi hesabu zangu. Naziacha mezani jioni kama kawaida, asubuhi nazikuta zilivyo. Mama ameniuliza nimemfanya nini mumewe. Nimesema sijui. Hiyo ni mara ya pili mwaka huu kusema sijui.

Nini kimo katika jalada hilo, Shangazi?


Tarehe 25 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Usihangaike kunijibu lile swali. Nakala imefika kwa rejista, nimeisainia posta na kuisoma kwenye benchi la hapo hapo, katikati ya watu wanaolamba stempu.

Sijui kama unayakumbuka maneno yake, basi nayaandika. "Mhusika anaondoka kwa hiari. Atalipwa mishahara ya miezi ishirini na minne, pamoja na kiinua mgongo chake chote. Naye hatasema, hataandika wala hatatoa ushahidi kuhusu tukio la maabara. Barua zake tatu kwa bodi kuhusu mpira wa gesi uliopasuka zitarudishwa kwake, na nakala zilizoko idarani zitaondolewa."

Nilisoma hapo penye barua tatu nikafurahi. Kwa muda wa kusoma mstari mmoja nilifurahi kwelikweli, kwa kuwa aliwaonya, aliwaonya mara tatu, Baba yangu. Kisha nikausoma mstari tena.

Nyumbani nilimkuta uani.

"Baba, uliwaandikia mara tatu?"

"Mara tatu."

"Halafu ukawaachia?"

"Halafu nikawaachia."

"Barua ziko wapi?"

"Nimezichoma."

Alinijibu kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa, mikono nyuma. Ningependa angenifokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa baba anayefoka.

Shangazi, chini kabisa kuna nafasi ya mtunza masjala aliyeziondoa nakala. Hapo pamesainiwa, bila jina. Ni mkia ule ule unaouvuta chini ya barua zako zote. Nimeziweka saini hizo mbili sambamba mezani, nikazitazama mpaka Mama akaja kuwasha taa.

Sitauliza kitu. Andika unachotaka.


Tarehe 5 Juni

Mwanangu,

Barua hii naiandika ofisini wenzangu wakiwa chakulani, kwa sababu nyumbani nimeshindwa.

Bodi ilimwekea baba yako njia mbili. Aondoke na fungu na mdomo uliofungwa, au afukuzwe kwa uzembe, moto uandikwe kwa jina lake, na kiinua mgongo cha miaka ishirini na tisa asikione. Alinipigia simu. Alitaka kukataa, jua hilo. Alisema barua anazo, atasimama nazo popote. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamtajia Mama na goti lake. Nikakutaja wewe na masomo yako. Kisha akauliza, "Na yule mtoto?"

Nikasema, yule mtoto ana mama yake.

Nimefanya kazi masjalani miaka kumi na tisa na sijawahi kuondoa karatasi jaladani isipokuwa hizo tatu. Nilizitoa kwa mkono huu huu, bila kuzisoma. Nilijiambia kwamba asiyesoma hajui.

Unauliza kimoyomoyo kwa nini sikukuonya kuhusu taarifa. Nilitaka uache mwenyewe, nisionekane nimekuzuia. Na sikuwahi kufikiri kwamba angeandika hana pingamizi. Fomu yake iliporudi niliitazama nikamwona yule aliyenivusha dimbwi. Mimi ningepinga.

Usimhukumu peke yake. Akiwa na kosa, nusu yake ni yangu.

Shangazi yako.


Tarehe 16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naitamka kama ninavyoitamka siku zote. Nimejaribu kuandika barua bila hiyo, nikashindwa.

Bibi amekwenda kliniki. Baba alimsindikiza, wakarudi na fimbo ambayo Bibi anaitumia kufukuzia kuku tu. Mtoto wa Dada amesimama dede. Mama amejua yote. Nilimsomea mimi. Alikwenda kuchukua ile saa ya ukutani, akaigeuza uso ukutani.

Nakala nilimpelekea fundi. Alikuwa anakunja pindo la gauni, pini nne midomoni. Aliisoma amesimama. Alipofika mwisho alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, ndipo akasema, "Kwa hiyo alijua." Baadaye kidogo akasema, "Alituonea huruma mara tatu. Ya nne akachoka." Chiriku alikuwa kitandani nyuma ya pazia, na chumba ni kimoja, kwa hiyo alisikia yote. Hakusema neno. Nilisubiri aseme hata tusi. Kisha fundi akaniuliza kama nimekunywa chai. Hapo ndipo nilipolia, Shangazi, si mahali pengine popote.

Mwenyekiti wa bodi amekwisha mwambia fundi kwamba hakukuwa na barua yoyote, kwamba hayo maneno ya mkataba ni "lugha ya kiofisi tu." Lakini mwalimu wa uraia anasema barua yoyote ikiingia ofisini huandikwa kwanza kwenye daftari la barua zinazoingia, tarehe, aliyeleta, inahusu nini, na nani kaipokea. Kurasa za daftari hilo zina namba, hazichaniki bila kuonekana. Karatasi zinaweza kutolewa jaladani, mistari ile haitoki.

Kwa hiyo fundi ameomba kurasa hizo za daftari la idara yenu. Fomu ameijaza Chiriku, kwa mkono wa kushoto. Aliharibu mbili, ya tatu ikamchukua mchana mzima, na hakukubali nimsaidie hata tarehe. Nimeiposti jana.

Tarehe za zile barua tulizipata kwa Baba. Nilimwambia mezani, mbele ya wote, kwamba fundi anazitafuta, nikataja zile nilizokisia. Alikuwa na kijiko mkononi. Akakiweka. "Ya pili ilikuwa tarehe kumi na tisa," akasema. "Si kumi na nane. Nilikwenda kuiposti mvua ikinyesha." Akazitaja zote tatu. Mama akamsogezea maji. Sijui kama huo ni msamaha. Mimi bado sijafika huko, na sijui njia yake ni ndefu kiasi gani.

Sasa nisikilize. Kurasa hizo zinataja watu wawili, aliyeandika barua na aliyezipokea. Taarifa mbili zitatoka. Moja itakuja kwetu. Nyingine haitahitaji stempu, itavuka kutoka meza moja hadi nyingine mpaka ifike kwako, pamoja na nakala ya fomu yenye mwandiko wa Chiriku. Penye "Sababu ya maombi" ameandika maneno matatu tu: "Ni mkono wangu."

Najua kazi yako imo humo, na miaka yako kumi na tisa, na kiinua mgongo chako. Siwezi kukuomba upoteze nisivyovijua thamani yake. Lakini nimejifunza kwamba katika nyumba yetu tunapendana kwa kunyamaziana, na umeona kunyamaza kulikotufikisha. Kwa hiyo nakuuliza mapema, kabla karatasi haijakufikia, nawe nijibu kwa posta ya kwanza: katika vile visanduku viwili, Shangazi, utatia alama kwenye kipi?